Longonot iwe ya watoto wa Naivasha kwanza

Mtoto aliyezaliwa Karagita, hapa Naivasha, huuona mlima Longonot kabla hajajua kutaja jina lake. Huuona akienda kuteka maji, akienda shule, na jioni akisimama mlangoni kumngoja mamake arudi kutoka shamba la maua. Mwambie akuchoree mlima huo mchangani kwa kidole, atauchora bila kuinua kichwa kuutazama: ubavu unaopanda polepole, kilele upande mmoja, na ukingo wenye meno mahali volkano ilipofumuka. Kisha muulize kama amewahi kuupanda. Wengi niliowauliza wametikisa kichwa. Wazazi wao nao, ambao wengine wameishi hapa tangu wakiwa vijana wasio na jiko wala godoro, hawajaupanda.

Jumamosi ikifika, mabasi madogo huja kutoka Nairobi, kilomita 90 hivi, yamejaa vijana wa maofisini, makundi ya makanisa na vyama vya wapanda milima. Wanapanda, wanapiga picha, wanashuka, wanakula samaki mjini, wanarudi kwao. Nafurahi wanapokuja, na biashara zetu zinawahitaji. Lakini linaniuma jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike: mlima ulioko nusu saa kutoka stendi ya Naivasha unajulikana zaidi na mtu wa Westlands kuliko mtoto wa Kihoto. Naamini Longonot inapaswa kuwa ya familia za Naivasha kwanza, na naamini jambo hilo linawezekana bila kujenga chochote kipya.

Mgeni hudhani kwamba watu wa mji wa ziwa hushinda ziwani. Afuate barabara ya Moi South Lake kutoka mjini aone. Kwa kilomita nyingi atakutana na ua, lango, mlinzi, halafu ua tena. Nyuma ya ua kuna mashamba ya maua, hoteli, na ardhi za watu binafsi wanaofuga pundamilia. Mahali ambapo mwananchi anaweza kushuka hadi majini bila kuulizwa anakwenda kwa nani ni pachache. Kuna Kamere, kuna Karagita, na pengine pachache, na huko kote ni kazini kwa watu: nyavu zinashonwa, samaki wanaparwa, mitumbwi inasukumwa. Viboko nao hawako mbali, na wavuvi wetu wamezika wenzao kwa sababu ya viboko. Hakuna mzazi mwenye akili anayewaachia watoto wakimbie kwenye matete yale.

Nyua hizo zina historia. Agosti 1904 serikali ya kikoloni ilitiliana mkataba na viongozi wa Wamaasai, Lenana akiwa mmoja wao, na kwa mkataba huo wafugaji wakaondolewa katika malisho ya Bonde la Ufa, haya ya Naivasha yakiwemo, wakapelekwa Laikipia na kusini mwa reli ili walowezi wapate nafasi. Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, na Laikipia nayo ikachukuliwa. Ardhi ya kando ya ziwa ikawa ya mashamba makubwa, na kwa sehemu kubwa imebaki hivyo hadi leo ingawa wenye mashamba wamebadilika. Wengi wetu tulikuja baadaye, kutoka Kisii, Siaya, Kakamega, Nyandarua, Kitui, tukifuata kazi. Tumepanga vyumba, tumezaa, tumezika, na bado hatuna mahali pa kuketi na watoto siku ya Jumapili pasipo kununua soda ya hotelini.

Mlima, kwa upande wake, ulitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Ni kilomita mraba 52 za ardhi ya umma, mali ya mkata maua kama ilivyo mali ya waziri. Ukiniuliza ni wapi Naivasha familia inaweza kutembea kutwa nzima bila kufukuzwa, nitakuonyesha pale juu.

Sisi tulikwenda Jumapili moja ya Agosti, shule zimefungwa na kazi za maua zimepungua, maana wakati huo Ulaya ni kiangazi na waridi letu halitafutwi sana. Tulikuwa mimi na mume wangu, watoto wetu, mdogo wangu wa kike ambaye ameshinda kwenye grinihausi tangu amalize sekondari, wanawe, na mama yangu, ambaye watoto wote wanamwita shosho. Tulibeba chapati zilizofungwa kwenye gazeti, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, chupa mbili za chai ya maziwa, na maji mengi, kwa kuwa juu ya mlima ule hakuna mfereji wala duka. Matatu ya kwenda Mai Mahiu ikatushusha kituo cha Longonot, kama kilomita 20 kutoka mjini, na kutoka barabarani hadi langoni tukachukua bodaboda.

Shosho alifika langoni, akautazama ule mteremko, akatafuta kivuli. "Milima nimeipanda ya kunitosha nikitafuta kuni," akasema. "Niachieni chupa moja ya chai." Hatukumbembeleza. Nalitaja hili kwa sababu watu wengi huacha kwenda wakidhani safari ya mlimani ni ya wenye mapafu ya mwanariadha, na kwamba asiyefika kileleni amepoteza nauli yake. Tulipomkuta jioni alikuwa ameshaona twiga wakipita karibu kuliko sisi tulivyowaona, na alikuwa anajua askari wa zamu ametoka kijiji gani na ana watoto wangapi.

Njia ya kutoka langoni hadi kwenye ukingo wa kreta ni kama kilomita tatu. Mwanzo wake ni mpole, nyasi pande zote mbili, pundamilia wakila bila kujali, na watoto wakikimbia mbele huku tukiwaita warudi. Halafu inaanza leleshwa, vichaka vyenye majani ya kijivu ambavyo ukiwa mbali utasema vimekauka. Mdogo wangu alisimama, akasugua jani likiwa bado tawini, akamnusisha mtoto wake mdogo vidole. Ni harufu kali, ya kusafisha pua, yenye kafuri ndani yake. Morani wa Kimaasai waliyatia majani hayo makwapani wakawa wananukia. Yule mtoto, ambaye alikuwa ameanza kulalamika miguu, alipanda sehemu iliyofuata akisugua kila kichaka alichokipita.

Baada ya hapo mlima unasimama. Udongo ni jivu la volkano, laini, unaingia viatuni, unapanda hadi magotini, na mahali pengine mvua imeuchimba hadi njia imekuwa mfereji unaomzidi mtu mzima kiuno. Ukikanyaga vibaya unarudi nyuma hatua mbili. Tuliokuwa na watoto wadogo tulipanda kwa kupokezana mikono, tukipumzika kila penye kivuli. Walioshuka walitupisha, wengine wakawasalimia watoto na kuwaambia wamebakisha kidogo, ingawa walikuwa wamebakisha sana. Hapo ndipo kifungua mimba wangu aliponiuliza kama mlima bado uko hai. Wataalamu wanakadiria kwamba Longonot ilimwaga moto mara ya mwisho katika miaka ya 1860. Nilimwambia kwamba kwa mlima, hiyo ni juzi.

Ukifika ukingoni unasukumwa na upepo kwanza, kisha unaona. Mbele yako ni shimo la duara lenye upana unaokaribia kilomita mbili, kuta zake zimesimama, na chini kabisa ni msitu. Msitu wa kweli, wa kijani kibichi, uliojaa ndani ya mdomo wa volkano na usiofikiwa na panga la mtu. Mvuke mwembamba unatoka kwenye kuta mahali fulani. Kuuzunguka ukingo wote ni zaidi ya kilomita saba, ukipitia kilele chenye mita 2,776, na ni njia ya kupanda na kushuka inayochosha hata vijana. Sisi hatukuzunguka. Tulikwenda sehemu kidogo kuelekea upande wa ziwa, tukaketi, tukafungua chapati, na tukageuza migongo kwa kreta.

Nilitaka watoto waone upande huo. Kutoka pale, mamia ya mita juu ya maji, Naivasha yote imetandazwa. Ziwa lenyewe, likiwa na rangi ambayo kando yake huwezi kuiona kwa matope na magugu. Mapaa ya plastiki ya grinihausi, meupe, safu kwa safu, yamefuata ufuo. Mabati ya Karagita yamebanana nyuma yake. Ng'ambo, moshi mweupe wa Olkaria unapanda, ambao si moshi bali ni mvuke wa ardhini. Mashariki, Kinangop na safu za Nyandarua zimebebana na mawingu.

"Mama mdogo, yako ni gani?" mwanangu akamwuliza mdogo wangu.

Alinyoosha kidole, akakirudisha, akanyoosha tena. "Ile karibu na miti. Hapana, inayofuata." Akaitazama kwa muda. Kisha akasema neno ambalo limenikaa: miaka yote aliyofanya kazi mle hakujua kwamba maji yako karibu hivyo. Ndani ya grinihausi huoni nje. Plastiki inapitisha mwanga, haipitishi mandhari. Unaona mistari ya waridi, unaona mkasi, unaona ndoo, unaona msimamizi. Basi la shamba linakuchukua kukiwa na giza na kukurudisha umechoka. Mtu anaweza kuishi hivyo kando ya ziwa kubwa na asilijue umbo lake.

Tuseme basi alijue, itamfaa nini? Mwaka 2020 ziwa lilipofurika na maji yakaingia Kihoto, watu walilala kwenye vyumba vikavu na kuamka godoro likielea. Limepanda tena na tena tangu hapo. Kule chini, maelezo yaliyosambaa yalikuwa ya kila aina, hadi ya laana. Kule juu, mtoto anaweza kuonyeshwa kwa kidole. Mto Malewa unatoka kwenye safu zile za Nyandarua, mto Gilgil unaingia kutoka kaskazini, na yote miwili inaishia katika bakuli hili. Hakuna mto hata mmoja unaotoka. Maji yanapungua kwa kukaushwa na jua, kwa kuvutwa na pampu za mashamba na miji, na kwa kunywewa na ardhi yenyewe, yanakopita chini kwa chini. Hiyo njia ya chini ndiyo sababu ziwa letu ni la maji baridi, huku Nakuru, Elementaita na Magadi yakiwa na magadi yasiyonyweka. Mvua ikizidi Nyandarua, maji hayana pa kukimbilia isipokuwa kupanda ufuoni, na ufuoni ndipo kodi ya chumba ilipo nafuu.

Somo hilo limo vitabuni. Watoto wetu hulikariri: taja ziwa lisilo na mto unaotoka. Lakini nimemwona mtoto wa shule ya msingi akikaa juu ya jiwe na kiazi mkononi, akifuata mto kwa macho hadi ziwani, kisha akiuliza, "Na taka za mtaroni kwetu huwa zinaenda wapi?" Sijawahi kusikia swali hilo likiulizwa na mtoto aliye Karagita yenyewe, akiruka mtaro ule kila siku.

Kulikuwa na maswali mengine. Mume wangu, ambaye ni fundi wa umeme, aliwaeleza kuhusu Olkaria: mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza mwaka 1981, na leo mvuke wa ardhini ndio unaotoa umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote nchini. Wakamwuliza kwa nini basi kuna nyumba pale karibu ambazo bado zinawasha koroboi. Hakuwa na jibu la kuwaridhisha, na mimi sina. Lakini nafurahi kwamba waliuliza wakiwa wanaitazama mitambo, na nafurahi zaidi kwamba wataendelea kuuliza wakiwa watu wazima wenye kura.

Ndiyo maana nasema jambo hili si la burudani peke yake. Mwananchi asiyewahi kuona mahali anapoishi kwa ukamilifu wake hugawiwa habari za mahali hapo na wengine. Anaambiwa maji yamepungua, anakubali. Anaambiwa ufuo una mwenyewe, anakubali. Kaunti ikiitisha mkutano wa kukusanya maoni kuhusu ardhi oevu, anakwenda kwa ajili ya maji ya chupa, au haendi kabisa, kwa sababu ramani inayotundikwa ukutani haijawahi kuwa kitu alichokiona.

Ninajua majibu yanayotolewa. La kwanza ni pesa, na ni jibu zito. Ada ya Mkenya mmoja si kubwa kwa mwenye mshahara wa ofisini. Izidishe kwa watu saba au wanane, ongeza matatu ya kwenda na kurudi, ongeza bodaboda, ongeza chakula, na mshahara wa mkata maua umeguswa mahali pabaya. Tena ada hizo hulipwa kupitia eCitizen, si taslimu mkononi. Kwa mtu mwenye simu nzuri na bando hilo ni jambo la dakika chache. Kwa mama mwenye simu ya vibonye, ni ukuta. Anajiambia kwamba mahali pale hapakukusudiwa yeye.

Hata hivyo tumeshaona kwamba lango linaweza kufunguliwa. Septemba 28, 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori liliwaruhusu Wakenya kuingia katika hifadhi za taifa bila kulipa kwa siku hiyo moja. Nchi haikufilisika na wanyama hawakuhama. Ninachoomba ni kidogo kuliko hicho kwa upana na kikubwa kwa kudumu: Jumapili moja kila mwezi, Longonot iwe bure kwa mkazi wa Naivasha na watoto wake, kwa kuonyesha kitambulisho tu. Kama shirika litasema haliwezi kupoteza mapato hayo, kaunti ya Nakuru ichangie. Kaunti hukusanya ushuru kutoka kwa biashara zinazoishi kwa sifa za mlima na ziwa hili.

Jibu la pili hutoka kwa watu wanaoupenda mlima, nami nawasikiliza kwa makini zaidi. Wanasema jivu lile halivumilii miguu mingi. Ni kweli, nimeona mifereji niliyoieleza. Wanasema watu wengi huleta taka na moto. Hilo nalo ni kweli: Machi 2009 moto uliunguza mlima ule, na waliokuwa hapa wanakumbuka usiku ulivyokuwa mwekundu. Lakini sioni kwa nini miguu ya Naivasha ndiyo izuiwe wakati ya Nairobi inakaribishwa. Idadi iwekwe kwa siku, watu wajiandikishe kwa mwalimu au kwa chifu, kila kundi lishuke na taka zake. Na juu ya moto, nitamwamini zaidi kijana aliyewahi kunusa leleshwa akiwa na miaka sita, anayeujua mlima kuwa wake, kuliko ulinzi wa askari wachache katika eneo la kilomita mraba 52.

Kuna wanaosema twendeni Hell's Gate, ni karibu na ni tambarare. Twendeni, ni pazuri. Lakini korongo la huko lina hatari yake: mvua ikinyesha mbali, maji hushuka ghafla, na Septemba 2019 yaliwaua watu saba. Zaidi ya hapo, ukiwa korongoni unatazama kuta. Sijaona mahali pengine karibu nasi ambapo mtoto anauona mji wake wote kwa mara moja isipokuwa ukingoni mwa Longonot.

Walimu wakuu wa shule zetu nawaomba kitu kimoja waziwazi. Ziara ya mwaka ikipangwa, wazazi huchangishwa pesa watoto wakaone uwanja wa ndege na wanyama waliofungiwa Nairobi. Wanaondoka kabla ya alfajiri, wanafika wamesinzia, wanarudi usiku, na njia nzima wameupita mlima wao pembeni. Kwa sehemu ya pesa hizo darasa lote lingefika ukingoni, na masomo ya jiografia, sayansi na historia yangefundishwa siku moja. Kutoka pale mtoto ataona hata zile sahani kubwa za kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970 kuiunganisha Afrika Mashariki na dunia, na upande wa kusini atatazama tambarare za Suswa, ambako reli mpya ilifika mwaka 2019 na kukoma.

Mwisho ni usafiri, na hili nimelizungumza na wasimamizi wa mashamba mawili, ambao hawakulikataa. Mashamba ya maua yana mabasi. Hayo ndiyo yanayowabeba wafanyakazi alfajiri na jioni, na madereva wake wanaujua kila mlango wa Karagita, Kamere na Kasarani. Msimu wa Valentine ukipita, Jumapili nyingi huwa yameegeshwa uani. Shamba moja likitoa basi moja, Jumapili moja kwa mwezi, mafuta yanayohitajika ni ya kwenda na kurudi tu. Lango la hifadhi hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Basi likiondoka Kamere saa kumi na moja na nusu, watoto watakuwa njiani wakipanda kabla jua halijawa kali, na saa nane mchana watakuwa wameshashuka, wanakula.